Tumba za Upande wa Pili

Mwantumu wa Sindeni alikuwa mkulima wa mahindi na mpiga ngoma wa harusi. Alianza kupiga akiwa msichana, na sasa, akiwa na miaka hamsini na sita, alijua kabisa kwamba Handeni yote hakuna wa kumfikia.

Mwezi wa Juni alipeleka redio yake Korogwe kwa Mzee Ernesti, fundi Msambaa mwenye duka karibu na stendi. Alipomaliza kuunga waya, Ernesti aliiunganisha redio na mashine yake ya santuri ili ajaribu spika.

"Hii ni ya Wamarekani, ya miaka ya sabini," alisema. "Sikiliza kama inakwaruza."

Likaanza gitaa la besi, zito, likitembea kwa maringo. Kisha mwanamume akaimba kwa sauti ya kukwaruka, kama anayelia huku bado ana kazi ya kumaliza. Mwantumu hakuelewa hata neno moja. Nyuma ya sauti ile alisikia tumba, zile ngoma ndefu za kupigwa kwa viganja. Mpigaji aligusa ngozi mara moja, akaacha. Mwimbaji akavuta pumzi. Ndipo mikono yote miwili ikaingia, na Mwantumu akajikuta amekaa sakafuni.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mzee. Rudisha pale mpiga tumba aliponyamaza."

Ernesti akarudisha sindano. Akageuza santuri upande wa pili, ambako tumba zilikuwa nyingi zaidi, akaurudia mara tatu. Basi la Handeni likaondoka bila Mwantumu. Mwantumu alikuwa amevua ndala bila kujitambua, kama aliyeingia msikitini.

"Miaka arobaini nimewakimbiza wachezaji," alisema hatimaye. "Sijawahi kuwaacha wapumue."

Mwezi uliofuata Faudhia, binti wa dada yake, aliolewa Mkata. Ngoma ilipokolea, Mwantumu akainua mikono, akaiacha hewani. Wanawake wakabaki mguu mmoja juu.

Maryamu, mpigaji mwenzake, akamnong'oneza, "Dada, umechoka?"

"Sijachoka. Usipige."

"Watu wanatutazama."

"Waache watazame."

Akateremsha kiganja kimoja tu. Uwanja mzima ukashuka naye, vumbi likatimka, na mtu fulani nyuma akacheka kwa mshangao. Maryamu alimwangalia kama mgeni asiyemjua. Kisha naye akainua mikono yake, akasubiri kuambiwa apige lini.