Mvua na Iruke Nyumba Hii

Harufu ya vumbi linalopigwa na matone ya kwanza huwafurahisha watu wote wa Turkana. Mimi hufunga dirisha. Miaka ile ya sabini baba yangu, karani wa serikali kutoka Bungoma, alipelekwa Lodwar kisha Kakuma, nasi tukamfuata na masanduku yetu. Mdogo wangu Nekesa alikuwa na kifafa. Kiangazi chote alikuwa mzima, akishinda chini ya mikoma, mitende ya jangwani, na kuguguna makoma, matunda yake, mpaka midomo ikawa ya kahawia. Mvua ikinyesha, madimbwi yalizaa mbu, mbu wakaleta homa, na homa ikakiamsha kifafa: macho yakageuka, meno yakakazana, povu likamtoka. Kila msimu wa mvua uliondoka na kitu cha Nekesa. Mwaka mmoja alisahau majina yetu. Uliofuata, mguu wa kushoto ukaanza kuburuta. Dalili ya mvua ni mawingu, nasi tuliyaogopa mawingu.

Kisha ukaja ukame. Mbuzi walikufa njiani, na kanisa letu la mabati likajaa watu wa kuombea mvua. Mama alikwenda, akaketi, akafunga mdomo. Jirani yetu Nakiru, ambaye jina lake hupewa msichana aliyezaliwa mvua ikinyesha, alimsubiri mlangoni kwa hasira.

“Mama Nekesa, mbuzi yangu imebaki tatu tu. Watu yote inasema amina, wewe umenyamaza. Unatuchukia?”

“Sikuchukii, dada. Mvua ikija, mtoto wangu anaanguka. Nitaiombaje?”

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, lakini Nakiru alijaribu kuijua. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya wote akasema, “Akuj, Mungu wetu, leta mvua. Lakini nyumba ya huyu mama, iruke.” Wengine walicheka. Mama alilia, kisha akasema amina.

Mvua haikuruka nyumba yoyote. Ilinyesha, ikapumzika, majani yakachipuka, homa ikaingia kwetu. Halafu ikarudi kwa nguvu. Mto Tarach, uliokuwa mchanga mtupu, ukajaa ukingo kwa ukingo, na zahanati ilikuwa ng'ambo. Nekesa alianguka asubuhi, kifafa kikamshika tena kabla hajazinduka. Baba alimbeba mpaka mtoni, akaingia majini hadi kiunoni, maji yakamrudisha. Alirudi nyumbani taratibu mno, na mama akajua kabla hajafika. Jioni Nakiru alikuja na kibuyu cha maziwa, zawadi ya Nekesa, maana mbuzi wake walikuwa wamepona. Alimkuta Nekesa mkekani, amefunikwa shuka gubigubi. Alikiweka kibuyu chini, akaketi kando ya mama.

Leo naishi Lodwar. Wajukuu wangu hulala ndani ya chandarua, na mtoto wa jirani mwenye kifafa ana vidonge vyake, anakwenda shule. Mvua ikichelewa tunaiombea kanisani, nami nasema amina kwa sauti, kwa kuwa niliona pia mbuzi wakifa. Kisha, wengine wakiketi, namalizia kimya kimya sala ya Nakiru: iruke nyumba ile, Mungu, hata kama sijui ni ya nani.