Kichwa cha Marehemu Mama

Dada yangu akishona suruali, hata kipofu akiipapasa anajua hapa kapita fundi. Mimi sishoni. Ila kubeba, kupiga domo na kujua miji, hapo usinishindanishe na mtu. Shule niliiacha mapema, au tuseme tuliachana kwa wema. Kwa hiyo siku Dada alipopata safari, mbebaji nilikuwa mimi.

Alikuwa amepata kibaraza. Ukishonea sebuleni unashonea majirani, na jirani halipi, anashukuru. Kibaraza cha duka la vitambaa ni habari nyingine: mteja ananunua kitambaa ndani, anageuka, fundi huyu hapa. Mwenye duka, mama mmoja aliyekuwa fundi zamani, alimwambia kwenye simu: "Keshokutwa nikifungua nikukute mlangoni na cherehani yako. Kuna sare za shule zinasubiri. Usipokuwepo nampa mwingine, wako tele."

Meza na miguu ya cherehani tulivitanguliza kwa lori la saruji. Kichwa, yaani ile mashine yenyewe ya juu inayoshona, maana mafundi ndivyo wanavyoiita, Dada alikataa katakata. Kilikuwa cha mama yetu, Mungu amrehemu. Alikizungushia blanketi, akakitia kwenye gunia, akalishona mdomo mshono juu ya mshono, utadhani ndani kuna chui.

Tiketi tulikata za bei ya kutupa. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Wangepanda lile basi wangeongeza na kiuno. Basi la kwanza linakumwaga jiji kubwa asubuhi, la pili linaondoka jioni. Hapo katikati, utajua mwenyewe.

"Usijali," nikamwambia Dada. "Jiji hili nalijua nje ndani."

"Ulishafika lini?"

"Nilipita."

"Ukaona nini?"

"Nilikuwa nimelala, lakini nilipita."

Tukaanzia stoo ya mizigo. Jamaa wa stoo hakuinua hata macho. "Mzigo usio na kufuli hatupokei."

"Hili gunia, kaka. Kufuli nilitie puani?"

"Basi katafute begi."

Nikabeba. Wewe unayeijua cherehani ya chuma ya zamani, liombee bega langu. Na katika jiji lile kila kivuli kina mwenyewe. Tukisimama mbele ya duka la viatu: "Msinizibie mlango!" Tukikaa ukingoni mwa bustani: "Haya, inukeni, maua yanamwagiliwa." Yanamwagiliwa na nani? Bomba lenyewe lilikuwa kavu kuliko koo langu. Chooni tuliingia kwa zamu, mmoja ndani, mwingine nje kakumbatia gunia kama mtoto mgonjwa.

Mimi ndiye niliyegundua benki. Viti laini, feni kichwani, Dada akafumba macho. Mara akaja binti mmoja na tabasamu la kuazima.

"Mnahudumiwa?"

"Bado tunafikiria," nikasema.

"Mnafikiria nini?"

"Kama pesa zetu zitaenea humu."

Alimwangalia mlinzi wake wa mlangoni. Tukaenda kufikiria nje.

Jua la alasiri lilitukuta tumezunguka mtaa ule ule mara nyingi mpaka muuza miwani akaanza kutusalimia. "Ulisema unalijua jiji," Dada akasema. Miguu ilikuwa imemvimba, viatu kavishika mkononi.

"Wamelihamisha, Dada."

Hakucheka. Nikataka kutua mzigo, akanirukia: "Usikibwage! Kikipata ufa, kibaraza nitakwenda kukifagia?"

Jioni tukarudi stendi. Basi letu lilishawashwa, kondakta ananing'inia mlangoni. Tulibakiza geti tu. Mlinzi wa geti akaligusa gunia kwa kirungu.

"Humu mna nini?"

Mimi pumzi sina. Dada akajibu, amechoka, wala hakufikiri.

"Kichwa."

"Kichwa?"

"Kichwa tu. Miguu imetangulia jana kwa lori."

Mlinzi akarudi hatua nyuma. "Cha nani?"

"Cha marehemu mama."

Ningesema kitu, lakini kicheko kilinibana mbavu nikachuchumaa. "Na huyu anacheka!" mlinzi akapiga kelele, halafu filimbi. Foleni nyuma yetu ikatawanyika. Mkuu wake akatoka ofisini anakimbia, kisu mkononi. "Kata hilo gunia!"

"Ni cherehani, mzee!" nikasema, lakini nani wa kumsikiliza mtu anayefuta machozi ya kicheko?

Dada akalilalia gunia. "Kisu hakigusi hapa! Nafumua mwenyewe." Na mshono wake, nilishasema, ni wa fundi. Haufumuki kwa kuombwa. Alivuta uzi kwa meno, honi inalia. Nikamkimbilia dereva nikasimama mbele ya taa zake.

"Kaka, subiri kidogo tu!"

"Mimi nabeba watu wazima wazima, si vipande!"

Akanizunguka, akaenda zake.

Blanketi lilipofunguka, kichwa cha mama kiking'aa kwa mafuta, mkuu akakohoa. Mlinzi akasema, "Sasa si ungesema cherehani?"

"Nimekwambia kichwa. Fundi aseme nini?"

"Dada, mimi mlinzi."

Samahani hatukupewa. Tulibadilishiwa tiketi tu, basi la alfajiri.

Dada akampigia mwenye duka. "Mama, shikamoo. Nimechelewa. Wamenizuia getini na kichwa."

Nikasogeza sikio. "Marahaba. Hawajakiangusha?"

"Hapana, Mama."

"Sindano ulitoa kabla ya safari?"

"Nilitoa."

"Sare nampa mwingine, wazazi hawasubiri. Wewe njoo. Mwenye kichwa chake simnyimi kibaraza."

Sare zote za shule nzima, zimekwenda. Dada alishukuru, akaminya simu kama anakata uzi. Kisha akatoa sindano, akalishona gunia upya, na safari hii akalitarizi ubavuni kwa uzi mwekundu, herufi kubwa za kuonekana toka mbali. Herufi nilimtajia mimi, moja moja, msomi wa familia.

Mlinzi akaja, akainama, akasoma kwa kidole. "Che-re-a-ni." Akaniangalia. "Chereani ndiyo nini?"

Dada naye akageuka kuniangalia, sindano mkononi.

"H imetangulia kwa lori," nikasema.