Barieri ya Mvua Kati ya Kibua na Mpofi

Watu wa umri wangu wana ugonjwa mmoja. Wakikaa pamoja na kasiksi yao, pombe ya ndizi, lazima mmoja ataanza kusifu barabara za wakati wa Wabelgiji. Atasema mtu aliweza kutoka Masisi alfajiri na kuingia Walikale jua bado liko juu, bila gurudumu kuzama hata mara moja. Wengine wataitikia kwa vichwa kama waumini. Mimi huchukua fimbo yangu nikaenda. Najua kwa nini barabara ile ilikuwa nzuri, na namjua mtu mmoja aliyeiweka nzuri. Mimi ndiye niliyemponza.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Shule niliiacha mwaka wa tatu. Mwalimu alitufundisha kwamba maji ya mto wetu huishia baharini, nikamwuliza yanapita kwa nani na nani kabla ya kufika huko, akanichapa kwa kumpotezea muda. Kesho yake niliufuata mto badala ya kwenda darasani. Nilitembea siku mbili, nikarudishwa. Tangu hapo maisha yangu yakawa hayo: kwenda na kurudishwa.

Wakati ule mtu mweusi hakuruhusiwa kutoka kwao akakae kwingine bila pasi, karatasi yenye muhuri wa Leta, yaani serikali ya Wabelgiji. Mara mbili nilikamatwa bila pasi. Mara ya pili nilirudishwa kwetu, karibu na Lushebere, kwa miguu, nimefungwa kamba moja na mwizi wa mbuzi. Yule mwizi alinicheka njia nzima, akisema yeye angalau alikula nyama. Nilichotaka mimi kilikuwa karatasi ile tu, ya kuniruhusu kukaa Walikale na kupita mbele, nione msitu unaishia wapi na nani anaishi baada yake.

Basi upande wetu kulikuwa na Mzungu mwenye shamba la kahawa. Mwaka mmoja, katikati ya miaka ya hamsini, aliletewa nyumba ya bati nyeupe yenye magurudumu mawili, ya kukokotwa na gari. Ndani ilikuwa na vitanda viwili, jiko, kioo kikubwa na mapazia ya maua. Alitaka kumpeleka mke wake matembezi, washuke milima ya Masisi, waingie msitu wa Walikale, walale huko siku nyingi. Nilimwuliza mpishi wake mara tatu kama nilisikia vizuri. Hawakwenda kazini, hawakuitwa msibani, hawakuwa na ndugu huko. Walikwenda kulala porini kwa raha yao. Na hakuna askari aliyewauliza pasi.

Hasira yangu ilianzia hapo, lakini niliimeza, kwa sababu niliona mlango. Mzungu alihitaji mtu wa kutia mawe nyuma ya magurudumu kwenye miteremko, kuteka maji, kuchimba choo kila walipopiga kambi. Nilimwambia nitafanya yote hayo, naye aniombee pasi kwa ajenti, ofisa wa Leta huko Walikale. Alicheka akakubali. Alisema hajawahi kuona mtu mweusi anayetaka kusafiri bila mzigo kichwani.

Tulipopita Lushebere watu walitoka mashambani na majembe yao kuitazama nyumba inayotembea. Mama mmoja mzee alinifuata kando ya gari na kuniuliza kama Wazungu hawa wamefukuzwa kwao hata wakahama na nyumba. Nilimwambia wanatembea tu. Akasema basi wana wazimu, nami niwe mwangalifu na vyombo vyao.

Kambi ya kwanza waliipiga juu, kwenye malisho, karibu na boma la wafugaji. Madamu alitaka maziwa. Mama wa boma alimletea kibuyu kizima kwa moyo mweupe, kisha akasimama kuangalia ndani ya nyumba ile, akaona maziwa yake yametiwa motoni yanachemka. Kwao maziwa hayachemshwi, maana chuchu za ng'ombe aliyeyatoa zitakauka. Alichukua kibuyu chake akaondoka. Asubuhi hakuna aliyetuletea hata tone, na Mzungu akaniambia watu hawa ni wakaidi, hawajui biashara. Nilijaribu kumweleza. Alikuwa ameshageuka kupiga picha ukungu.

Tukashuka. Baridi ikabaki nyuma, miti ikakaribiana, hewa ikawa nzito kama nguo iliyoloa. Kila jioni nilichimba shimo, nikateka maji bondeni safari nne, wao wakaoga kwa safari tatu. Wao walikula mezani penye kitambaa, mimi nilikaa juu ya jiwe nikiwaza kwamba nchi hii ni yangu na wao ndio wanaoiona. Hata hivyo sikuacha kutazama. Nilijifunza majina ya miti kwa kila mtu niliyekutana naye kisimani.

Baada ya Kibua mvua ilitukuta, ikanyesha mchana wote. Mbele yetu, kabla ya mlima unaoshuka kuelekea Mpofi, kulikuwa na barieri ya mvua. Kwa asiyejua, barieri ilikuwa mti mrefu wa kufunga njia. Mvua ikinyesha uliteremshwa, na hakuna gari zito lililopita mpaka barabara ikauke. Ndiyo siri ya barabara nzuri. Haikuwa lami. Kila kipande kilikuwa na mtu wake, na kikiharibika watu wa hapo hapo walitolewa mashambani na majembe yao kukitengeneza bure.

Mlinzi wa barieri hii alikuwa mtu mzima, mfupi, mwenye miguu mipana. Aliishi hapo hapo kando ya njia, kwenye nyumba ya barieri, na mke wake. Hakuwa na saa wala chombo chochote cha kupimia. Kila baada ya muda alitembea chini ya mlima, akachagua mahali penye kivuli, akakanyaga kwa kisigino chake kitupu na kukizungusha. Kisha alikitoa na kungoja. Shimo likijaa maji, mti haukuinuka.

Tulingoja siku ile na siku ya pili. Mke wa mlinzi alinipa ndizi na sombe, majani ya muhogo yenye mawese, nikala nao. Walinitania kwamba sisi watu wa juu tumelelewa kwa viazi na maziwa, tukiona mti mmoja tunauita msitu. Mzungu naye alizunguka nyumba yake kama chui kwenye mtego. Siku ya tatu asubuhi, jua likiwaka, aliniita. Alisema Ijumaa ni kesho, na Jumamosi ajenti wa Walikale anaondoka kuzungukia vijiji, hatarudi kwa wiki nyingi. Tusipofika kesho, hakuna pasi. Nikamwambie yule mtu afungue.

Angeweza kumwamuru mwenyewe. Alikuwa amemwamuru mara mbili, na mlinzi alivua kofia, akasema ndiyo Bwana, na hakufungua. Kwa hiyo Mzungu alinituma mimi niliyekula kwa mlinzi.

Kwanza nilikwenda kupima. Hapa ndipo ujinga wangu wa mtu wa mlimani uliponiua. Kwetu Masisi, upepo ukipita asubuhi moja udongo wa kilimani umekauka. Ukikanyaga juu umejua na chini. Nilikanyaga katikati ya njia, juani, kisigino changu hakikuzama. Nikarudi kwa mlinzi nikiwa na uhakika wote wa mtu aliyezaliwa na jembe mkononi.

"Papa, nimekanyaga mwenyewe. Barabara iko mukavu."

"Ulikanyaga wapi?"

"Pale kati, ku jua."

Akacheka kwa upole. "Mutoto ya Masisi, ulikanyaga kofia. Kichwa iko chini. Kwenu munakamua ngombe, huku tunakamua barabara, na hii bado inatoa maji."

Nikamweleza habari ya pasi, na ya kamba, na ya mwizi wa mbuzi. Nilimwambia kesho ikipita nitarudi Lushebere kuzeeka nikitazama kilima kile kile. Alisikiliza akikwangua matope kwenye jembe lake. Yeye mwenyewe, alisema, hajawahi kupita Mpofi. Hakusema kwa uchungu. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Barabara ikianguka, ni mimi njo watafunga. Muzungu hawatamufunga."

"Nitasema ni yeye alilazimisha. Nitasema mbele ya ajenti."

"Utasema?"

"Nitasema, Papa."

Akaweka jembe chini, akaenda kuinua mti.

Gari lilishuka vizuri mpaka kwenye kona ya pili, penye kivuli. Hapo juu palikuwa na ngozi kavu, chini uji. Nyumba ya bati ilianza kulisukuma gari kwa nyuma, ikateleza upande wa bonde, na ukingo wa barabara ukafunguka taratibu, bila kelele, kama mkate uliolowa. Nilitupa mawe yangu yote chini ya magurudumu, yakamezwa. Mzungu aliruka nje na shoka, akakigonga kwa kisogo chake chuma cha kuunganishia kilichokuwa kimeshapinda, mpaka kikakatika. Nyumba ikaenda. Ilikwenda na nusu ya upana wa barabara, hatua kama thelathini za kazi ya watu, ikalala kwa ubavu chini kwenye miti, mapazia yake ya maua yakining'inia nje.

Hakuna aliyeumia. Madamu alililia kioo. Watu wa karibu walikuja na kamba za miti, wakalivuta gari kwenye kipande kilichobaki, wanaume na wanawake, zaidi ya nusu siku. Mzungu aliwagawia sigara. Mlinzi alisimama ukingoni, hakuvuta kamba. Aliangalia shimo tu.

Ijumaa tulifika Walikale. Ajenti wa Leta alikuwa bado yupo. Mzungu alimweleza kwa Kifaransa, lakini Kifaransa cha mwaka wa tatu kilinitosha kusikia kwamba barieri ilikuwa wazi na mlinzi wake mvivu. Kisha akakumbuka ahadi yake, lazima niseme hivyo, akanionyesha kwa kidole na kuniombea pasi. Ajenti alichukua karatasi, akaandika, akashika muhuri. Kabla ya kuugonga aliniuliza kwa Kiswahili nani alifungua barieri.

Nikasema mlinzi.

Hakuuliza kwa amri ya nani. Nimejitetea na hilo miaka mingi, kwamba hakuuliza. Lakini mdomo ulikuwa wangu, na maneno niliyomwahidi mlinzi hayakufika hata matano. Nilisimama nikiutazama muhuri ule, nikanyamaza, ukashuka.

Jumanne walimleta mlinzi Walikale, mikono nyuma, askari mmoja mbele na mwingine nyuma. Nilikuwa sokoni. Nilijificha nyuma ya mama anayeuza samaki wa kukaushwa, akaniuliza kama nina deni na askari. Mzungu alikuwa ameshaondoka kurudi kwa njia nyingine, ndefu. Baadaye nilisikia aliagiza nyumba mpya. Namchukia mpaka leo, na ajenti namchukia, na ningependa hasira yangu iishie kwao. Haiishii.

Sikuendelea na safari. Nilikaa wiki tatu Walikale nikibeba magunia, kisha nikarudi kwa miguu mpaka kwenye ule mlima. Sijui nilitaka nini. Nadhani nilitaka mtu anitukane.

Barabara yote ilikuwa na watu. Ulikuwa wakati wa kupanda, na mashamba yao nyuma ya nyumba yalikuwa majani matupu. Wanaume walishindilia mawe kwenye ukingo, wanawake walipandisha udongo na vikapu kutoka bondeni. Nyumba ya bati bado ililala kule chini. Hakuna aliyeigusa, kwa sababu askari alisema ni mali ya Bwana. Mke wa mlinzi alikuwa kwenye msururu wa vikapu. Walikuwa wameshatolewa kwenye ile nyumba ya barieri, na mlinzi mwingine alikuwa amekaa mlangoni.

Nilimwamkia, nikamwita Mama. Aliutua udongo, akajipangusa mikono kwa kitenge.

"Ile karatasi, ulipata?"

"Nilipata."

"Onyesha."

Nikaitoa. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, na hilo liliniumiza kuliko tusi. Hakujua kusoma. Aliigeuza mbele na nyuma, akatazama muhuri, akanirudishia.

"Njo hii," alisema. "Iko ndogo."

Nikaanza kusema kwamba nitarudi kwa ajenti, nitasema yote, bado kuna nafasi. Aliweka kikapu kichwani.

"Toka mu njia, kaka. Tuko na kazi."

Nikatoka njiani. Sikurudi kwa ajenti. Nilirudi Walikale, nikakaa mpaka miezi ya mvua ilipokwisha, nikavuka mto Lowa, nikaona nchi nyingi baada ya msitu, na kila barierini nilipoulizwa niliitoa ile pasi, wakaisoma, wakaniachia nipite.