Mlio wa Mashine Namba Mbili

"Ni nani yumo mle ndani?"

Ndivyo nilivyomuuliza Bi Gudrun Sjölin nilipokuwa na miaka minane. Mama alikuwa amenituma chini, kwenye chumba cha kufulia cha jengo letu, nikatafute soksi aliyoisahau. Nikamkuta Bi Gudrun ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele ya mashine namba mbili, mikono mapajani, kama mtu anayengoja kuitwa na daktari. Mashine ilikuwa inazunguka. Ndani hamkuwa na hata kitambaa; nyuma ya kioo niliona maji tu yakipanda na kushuka. Na humo ndani mlikuwa mnatoka mlio. Kling. Kimya. Kling, kling.

"Hamna mtu," alisema bila kugeuka. "Chukua soksi yako uende juu, mwanangu."

Nilipanda ngazi mbio, wala soksi sikuichukua. Yaliyobaki nimeyajua baadaye, mengine kwa majirani, mengi kwa kinywa chake mwenyewe.

Katika jengo letu la matofali hapa Norrköping, Uswidi, Gudrun alijulikana kwa mambo mawili: karatasi na malalamiko. Chumba cha kufulia ni kimoja kwa nyumba zote. Ukutani pana ubao wa siku na saa, na kila nyumba ina kikufuli chake cha kutundika penye zamu yake. Ukipitisha zamu, au ukiacha nyuzinyuzi kwenye kikaushio, hakuna atakayekugongea mlango akuseme. Kesho yake utashuka ukute karatasi ukutani, haina jina, imeandikwa kwa adabu inayochoma. "Jirani mpendwa, mama yako hakai hapa akusafishie." Nyingi zilikuwa za Gudrun. Mwandiko wake tuliujua sote, tukajifanya hatuujui.

Malalamiko yalianza mashine za zamani zilipoondolewa. Zile zilikuwa za chuma kitupu, watu wanne hawakuweza kusogeza hata moja, na zilidumu karibu muda wote wa ndoa yake. Mumewe Evert, dereva wa tramu, treni zile za barabarani, ndiye aliyezitunza. Beringi ikianza kunguruma, alishuka Jumapili na spana yake na chupa ya kahawa, akaufungua mgongo wa mashine, na jioni ikawa inazunguka bila neno. Vitu vilivyopotelea humo, sarafu, pini za nywele, siku moja jino la mtoto, alivitoa akavipanga dirishani ili kila mtu achukue chake.

Evert alikufa ghafla, moyo, mwanzoni mwa majira ya machipuko. Mwaka huohuo kamati ya jengo ikanunua mashine mpya: nyeupe, nyepesi, zenye taa za buluu, zikimaliza kufua zinaimba kawimbo. Ya kwanza ilikufa mapema mno. Gudrun akapiga simu kwenye kampuni.

"Waranti yake imeisha mwezi uliopita, mama," akaambiwa na binti wa kwenye simu.

"Nayo ilijuaje?"

"Nani, mama?"

"Mashine. Ilijuaje kwamba mwezi umefika?"

Binti akacheka, kisha akaomba radhi kwa kucheka. Waranti ikabaki imeisha. Gudrun akaandika kwenye ukurasa wa malalamiko wa gazeti la mji, akaandika tena, na kwenye kila mkutano wa jengo akasimama kusema kwamba tunauziwa makopo yaliyopakwa rangi. Peder Wallin, mwenyekiti wa kamati, alikuwa akikutana naye ngazini anamtania: "Gudrun, tumezika ngapi mwezi huu?"

"Cheka tu, Peder. Na wewe utazikwa kwenye plastiki hiyohiyo."

Sasa, kulikuwa na sweta ya Evert. Ya kijivu, nzito, na chini kabisa ilikuwa na kifungo cha shaba kilichotoka kwenye koti lake la kazi. Gudrun alikishona hapo Evert alipostaafu, kwa utani tu, asije akasahau kushika breki. Baada ya kifo hakuifua ile sweta kwa zaidi ya mwaka. Aliiweka kwenye mto wa kulalia. Harufu ilipokwisha kabisa, akaona hakuna tena cha kulinda, akashuka nayo, akaiweka namba mbili peke yake, maji ya uvuguvugu.

Ilitoka safi. Kifungo hakikutoka. Alitoa chujio, akamwaga maji kwenye ndoo, akapitisha vidole chini ya mpira wa mlangoni. Hakuna. Akaiwasha tena tupu, ili asikie kimejificha upande gani.

Kling. Kimya. Kling, kling.

Aliniambia kwamba hapo alivuta kiti akaketi. Mlio ule aliujua. Evert, kila akirudi kazini, alisimama nje ya mlango wao akipapasa mfuko wa koti kutafuta funguo kati ya sarafu. Mlango haukuwa umefungwa hata siku moja, Gudrun alikuwa jikoni, na bado mzee wa watu alipapasa. Miaka yote ile alimwita kutoka jikoni, "Pako wazi, Evert," na miaka yote Evert aliendelea kupapasa. Mpapaso uleule. Kituo kilekile kifupi katikati, kama mtu aliyeshika kitu akagundua sicho.

Akamwita fundi. Fundi Jarmo alipiga magoti, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Kimeingia kati ya ngoma inayozunguka na tangi la maji, mama. Hapo hapafikiki. Tangi lote ni plastiki, vipande viwili vimeyeyushwa pamoja kiwandani. Halina skrubu."

"Mume wangu angeifungua."

"Mume wako angekaa chini akalia. Mimi nikitaka kuingia, nikate kwa msumeno, na nikishakata, mashine ndiyo basi."

"Waliitengeneza wakijua hakuna atakayeifungua?"

"Waliitengeneza mnunue nyingine. Nikudanganye ili iweje?" Akafungua mkoba wake. "Kwa hiyo nikate?"

Mashine ilikuwa bado inazunguka. Kling.

"Acha," alisema Gudrun. "Iache kwanza."

Basi kila Jumanne saa tisa alasiri, saa ambayo Novemba huku kwetu giza linaanza kuingia, kikufuli cha Gudrun kilining'inia penye zamu yake, naye akashuka bila kikapu. Mwanzoni alisikiliza tu. Kisha akaanza kuitikia. "Pako wazi, Evert," kwa sauti ya chini, asije akasikika. Jumanne moja aliposema hivyo mlio ulikoma palepale, akangoja, hata akageuka kutazama mlangoni. Hapakuwa na mtu. Mlio ukaanza upya, na alikuwa hajui kama ameumia au ameshukuru. Yeye, mwanamke aliyekuwa akiwacheka wanaosoma nyota gazetini.

Karatasi zikaanza kubandikwa. Safari hii hazikuwa zake. "Kwa anayewasha namba mbili bila nguo: umeme ni wetu sote." Nyingine: "Kama una mizimu, ifulie nyumbani." Naye akajibu kwa karatasi, "Mashine inasafishwa." Ule ulikuwa uongo wake wa kwanza kwenye ukuta ule. Mlio ulikuwa unapanda na mabomba hadi ghorofa ya tatu. Mtoto wa huko akawa halali mchana. Bado hakuna aliyemuuliza Gudrun kitu uso kwa uso. Waliandika tu.

Mkutano wa mwaka ukafika, chini ya jengo, kahawa na maandazi ya iliki. Peder akasimama na kikombe mkononi.

"Kuhusu namba mbili," alisema. "Kwa miaka mtu mmoja ametuambia mashine hizi ni takataka, nasi tukamcheka. Mimi wa kwanza. Gudrun, leo tuko nyuma yako. Tunaitoa, tunaweka mpya."

Watu wakapiga makofi. Mama anasema hata yeye alipiga, kwa nguvu, maana alimwonea huruma mjane wa watu. Na Gudrun akakaa pale na andazi lake, amepewa haki aliyoidai miaka yote. Alichotakiwa kufanya ni kusimama aseme: iacheni. Wangemuuliza kwa nini. Angewaambia majirani waliokaa naye miaka yote bila kuulizana hata usingizi ulikuwaje kwamba mume wake yumo kwenye namba mbili anatafuta funguo.

"Wanaokubali?" akauliza Peder.

Jarmo ndiye aliyekuja kuichukua. Hakuwa amesahau. Aliilaza uani kwenye theluji, akakata tangi kwa msumeno wa umeme, na Gudrun akamwona kutoka dirishani akiingiza mkono kama mkunga. Akapanda ngazi kumletea kifungo.

"Haya, mama. Kimekwaruzika kidogo."

Alimshukuru, akamwekea kahawa. Jarmo alipoondoka akakitia kifungo kwenye mfuko wa koti la Evert pamoja na sarafu, akautikisa. Haukuwa ule mlio. Akakitia kwenye kopo la biskuti, akakizungusha. Akashuka nacho Jumanne, akakitupa kwenye mashine mpya. Kiligonga kioo mara chache kama kokoto, kisha kikalala chini. Mashine ilipomaliza iliimba kawimbo kake, na Gudrun akapanda ngazi mapema kuliko Jumanne yoyote. Kikufuli chake hakikurudi tena penye saa tisa.

Mashine hiyo mpya nayo imekufa mwaka huu, beringi. Sasa nina miaka kumi na sita. Nilikwenda kumwomba Bi Gudrun anisaidie kuandika malalamiko kwenye gazeti, kwa sababu hakuna anayeyaandika kama yeye. Alikataa. Alisema hataki kushinda tena. Nikamuuliza ana maana gani, ndipo akanihadithia yote haya, mezani kwake jikoni, kifungo kikiwa kimya kwenye kisahani kati yetu. Alipomaliza nikamkumbusha kwamba niliwahi kumuuliza ni nani yumo mle ndani, akaniambia hamna mtu.

Alikigeuza kifungo kwa kidole, upande uliokwaruzwa ukawa juu.

"Alikuwamo Evert," alisema. "Peder akauliza wanaokubali, nami nikanyoosha mkono."