Mchoro Ambao Bi Nakshi Hakuufungua

Bi Nakshi alikuwa na kilima chake, na kilima hicho kilikaa ndani ya kompyuta. Kilikuwa cha majani mabichi, juu yake anga la bluu na mawingu mawili matatu yasiyo na haraka. Kila alasiri, mashine ya kudarizi ikishona beji za shule na sindano zake zikilia tiki-tiki-tiki, mama huyu wa miaka hamsini na minane aliegemeza kichwa ukutani, akakitazama kilima kwenye skrini, na kabla mashine haijabadilisha rangi ya uzi alikuwa ameshapitiwa na usingizi. Usingizini alikipanda. Dada yake, marehemu, alikuwa mbele, tepu ya kupimia shingoni, akitembea bila kugeuka. Bi Nakshi alimfuata, viatu mkononi. Hawakufika popote, wala hakuna aliyetaka kufika.

Majirani walimtania kwamba ndiye mtu pekee anayelala na kazi ikaenda mbele. "Nasimamia mashine," alijibu, alama ya ukuta bado ikiwa shavuni.

Karakana waliianzisha wawili, yeye na dada yake, na walikuwa chanda na pete. Dada alichora kwenye kompyuta, mdogo akatia uzi. Ndivyo kazi ilivyogawanywa, na Bi Nakshi aliamini kabisa kwamba yeye hana mkono wa kuchora hata mstari wa kukatia kitambaa. Dada alikuwa nao. Maua yake yalijaa nguo pembe hadi pembe, kama mtu anayepakia gunia na kulishindilia kwa goti.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Sanduku lake lililokuwa jeupe lilikuwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa, na mfumo endeshi uliokuwa ndani yake walioutengeneza walikuwa wameutupa mkono zamani. Lakini mashine ya kudarizi nayo ilikuwa kizee, na vizee hivyo viwili vilielewana vyenyewe kwa vyenyewe. Juu ya kompyuta kulikuwa na kifuniko kizito cha viraka. Dada ndiye aliyeweka desturi hiyo: kila mchoro mpya ulijaribiwa kwanza kwenye kipande cha kitambaa cha ukubwa wa kiganja, na kipande kikashonewa kwenye kifuniko. Vilifika mia na sitini na tatu. Jioni Bi Nakshi alipokitandika alikipapasa kidogo, kama anayemfunika mtoto.

Mchoro mmoja tu haukuwa na kiraka. Dada aliuchora akiwa mgonjwa, miezi yake ya mwisho, kwa ajili ya blanketi la mjukuu ambaye alijua hatamwona. Binti yake wa pekee, waliyemwita Kifungo kwa udogo wake wa utotoni, alikuwa hata hajaolewa. "Usiufungue wala usiutie uzi mpaka mimba yake ifike mwezi wa saba," Dada alisema. Bi Nakshi aliahidi. Kwa miaka mitatu aliliona jina la faili hilo kila asubuhi, na hakuligusa.

Sasa Kifungo alikuwa ameolewa, na mimba yake ilikuwa ya miezi saba kasoro siku mbili. Bi Nakshi alikuwa ameshanunua blanketi jeupe na kuliosha mara mbili. Jumatatu ndiyo siku aliyojiwekea.

Kuhusu kompyuta, hawezi kusema hakuonywa. Fundi Polepole, mtengeneza kompyuta wa mtaa ule, alikuwa akija kila baada ya miezi michache kupuliza vumbi, na kila akija alitikisa kichwa.

"Mama, nyumba hii haina mlinzi," alisema mara ya mwisho. "Matundu ya mfumo huu wezi wanayajua yote, na hakuna tena anayeyaziba. Nunua kompyuta mpya. Ukiona ghali, nikuwekee mfumo huru, hauuzwi, ni mwepesi, hata kizee hiki kitaubeba. Na kama hutaki hilo wala lile, basi usiunganishe na intaneti, usichomeke flashi ya mtu, na uniruhusu nitoe nakala ya michoro. Leo hii."

"Usiache mbachao kwa msala upitao, fundi."

"Mbachao wako umeshatoboka, mama. Unakalia sakafu."

Bi Nakshi alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia aje wiki ijayo. Ukweli ni kwamba hakutaka mtu afungue lile faili kabla ya wakati wake, hata kwa kunakili tu. Wiki ijayo ikawa mwezi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mwenye tumbo alikuwa Kifungo.

Jumamosi akaja mwalimu wa kwaya, jasho linamtoka, na flashi yenye nembo ya majoho yao. Dada, alipokuwa hai, flashi ya mgeni aliipeleka kwanza kwa jirani wa fotokopi ikaguliwe. Lakini kwa jirani kulikuwa na foleni, na mwalimu alikuwa na haraka. Bi Nakshi akafanya alichofanya kwa kila kitu kilichotoka nje kabla hakijagusa mashine. Aliikung'uta. Akaipuliza. Akaifuta kwa pamba yenye spiriti, ile ya kusafishia sindano, akainusa, akaridhika kwamba sasa ni safi. Ndipo akaichomeka.

Nembo ilifunguka vizuri tu. Mwalimu aliondoka anaimba. Bi Nakshi akaegemea ukuta, na usingizini kilima kilikuwepo, na Dada alikuwepo, ila majani yalikuwa hayatikisiki. Akaamka kwa sababu ya kimya. Mashine ilikuwa imesimama. Kwenye skrini hapakuwa na kilima, palikuwa na weusi, na katikati mistari ya herufi zisizosomeka katika lugha yoyote.

Fundi Polepole alikuja mbio, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alihangaika Jumamosi ile iliyobaki na Jumapili yote. Mwishowe akavua miwani.

"Kompyuta itapona. Michoro imeliwa yote na virusi vya ile flashi."

"Na ule wa mwisho?"

"Yote, mama."

Bi Nakshi hakulia. Alikaa kwenye kiti cha Dada, ambacho hakuwa amekikalia kwa miaka mitatu, na akaona aibu iliyompanda hadi masikioni. Alitimiza ahadi neno kwa neno, na kwa kutimiza huko hakuna jicho hata moja duniani, ila la marehemu, lililowahi kuuona mchoro ule.

Michoro mingine iliokolewa na kifuniko. Fundi aliweka ule mfumo huru, akakipiga picha kiraka kimoja kimoja, na kwa programu isiyouzwa wakaanza kuigeuza kuwa mishono upya. Mashine ya kudarizi ilinuna siku mbili, kisha ikakubali. Kilima hakikurudi. Skrini mpya ilikuwa ya kijivu tupu.

Jumatatu Kifungo alipiga simu. "Mama mdogo, umeufungua? Upoje?"

"Uzi wa rangi moja umekosekana, mwanangu," alidanganya Bi Nakshi.

Usiku hakuota kitu. Alasiri nazo hakuota kitu. Siku ya nne, mashine ikishona, alifumba macho, akajilazimisha kukikumbuka kilima, na mkono wake ukiwa juu ya meza ukakifuata kwa kidole. Mgongo mmoja mrefu wa ardhi. Akachukua chaki ya kuchoria nguo. Akachora mgongo ule kwenye blanketi jeupe, vibaya, akaufuta, akauchora tena. Juu yake akaweka watu wawili wadogo, mmoja mbele, mmoja nyuma na viatu mkononi. Sehemu nyingine yote aliiacha tupu, kwa sababu hakujua cha kuijaza.

Fundi alimsaidia kuuingiza mchoro huo kwenye kompyuta. Wazo lilimjia hapo, na lilikuwa tamu: amwambie Kifungo kwamba huu ndio mchoro wa mama yake. Nani angejua? Alilitafuna wazo hilo siku nzima, mpaka mshono wa mwisho.

Kifungo alikuja mwenyewe, akitembea kwa kuegemea nyuma, akashusha pumzi kitini. Bi Nakshi akamwekea blanketi mapajani. Kifungo alilipapasa kwa muda mrefu, kisha akaligeuza na kutazama upande wa nyuma, jinsi mama yake alivyomfundisha.

"Mama mdogo."

"Naam."

"Mama alikuwa haachi nafasi tupu."

Bi Nakshi akafungua mdomo, na uongo wote alioutayarisha ukampotea. Alieleza flashi, spiriti, fundi, ahadi. "Niliua kazi yake ya mwisho," alisema. "Kwa mkono wangu huu." Hapo ndipo machozi yalipokuja, siku kumi baadaye, na hayakutaka kunyamazishwa.

Kifungo alimwacha alie. Kidole chake kilikuwa kimesimama juu ya yule mdogo wa nyuma.

"Huyu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu wa mbele hageuki kutazama?"

"Hajawahi kugeuka, mwanangu."

Kifungo akalikunjua blanketi, akajitandikia tumboni, akalilainisha kwa viganja vyote viwili. Kisha akanyoosha mkono. "Kipande chake kiko wapi? Cha kujaribia."

Kilikuwa mfukoni mwa gauni la Bi Nakshi, kimekunjwa. Bi Nakshi alikitoa, na Kifungo akakipokea, akachukua sindano kwenye mto wa sindano, akavuta kile kifuniko cha viraka kutoka juu ya kompyuta. Akakishonea pembeni, baada ya kile cha mwisho cha mama yake, mishono midogo midogo, huku blanketi likipanda na kushuka juu ya mtoto anayecheza.