Kikopo cha Mzee Anaeli

Usiku ule nililala na hasira ya supu. Nasema hasira kwa kujistahi tu, maana kwa kweli kilikuwa kinyaa. Tulikuwa kambi ya mwisho chini ya kilele, pale ambapo wageni hulala saa chache kabla ya kuamshwa kuanza kupanda. Jiko letu la gesi lilikuwa limeharibika, tukaazima la mafuta ya taa kwa wenzetu. Dada Aika, mpishi wetu, akaleta supu ya maboga, na kijiko cha kwanza tu kikanijaza mafuta ya taa mdomoni. Nikatema palepale. Nikamwambia, mbele ya wapagazi wote, kwamba hata mbwa wa nyumbani kwetu asingeila. Akainama, akainusa sufuria, akasema taratibu kwamba yeye hasikii harufu yoyote. Nikaona ni ujeuri. Nikaimwaga yote nje, wageni wakala biskuti na chai, nami nikaenda kulala bila kumuaga.

Inabidi mnielewe. Mimi ni mtu wa kinyaa tangu utoto. Sinywi kikombe alichotangulia mtu, na nikiona mtu anachokonoa meno nahama meza. Sasa fikiria mtu wa namna hiyo kazi yake iwe kuongoza wageni mlimani, watu wakae siku sita bila kuoga, wakilala mahema yamebanana. Kwenye begi langu hakikosekani kipande cha sabuni ya kufulia na leso iliyotiwa manukato. Ndiyo maana wapagazi wananiita Sabuni. Jina hilo nilipewa na Mzee Anaeli, aliyenifundisha mlima toka nikiwa nabeba mizigo. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla ya usiku ninaousimulia. Tulimzika kihambani kwake, kwenye shamba la ukoo, katikati ya migomba.

Mzee Anaeli naye alikuwa na chake begini. Kilikuwa kikopo cha dawa ya viatu, na ndani yake alihifadhi mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochacha, vitunguu saumu vilivyooza, na kipande cha soksi yake mwenyewe ambayo sidhani iliwahi kuona maji. Kila jioni kambini alikipitisha chini ya pua ya kila mtu, mgeni na mpagazi, mkubwa na mdogo. Ukikunja uso na kurudi nyuma, alicheka na kwenda kwa mwingine. Ukikinusa ukatulia, alikushusha jioni hiyohiyo, hata kama unaimba. Alisema mlima ukimshika mtu, hewa ya juu ikamlemea, humnyang'anya kinyaa kwanza. Mimi nilitapika mara tatu kwa sababu ya kile kikopo, na kila mara alinipigapiga mgongoni kana kwamba nimefaulu mtihani.

Alipokufa familia yake ilinipa fimbo yake na kikopo. Fimbo ninayo mpaka leo. Kikopo nilikishika kwa vidole viwili nikakitupa kwenye shimo la choo cha kambi, nikanawa mara tatu. Tulikuwa tumeshapata kile kipimo kidogo cha kubana kidoleni, kinachoonyesha hewa iliyomo kwenye damu. Ni kisafi, hakinuki, na wageni wanakiamini. Tunawapima asubuhi na jioni na kuandika. Wapagazi na wapishi hatukuwa tunawapima. Hakuna aliyetuambia tuwapime, na sisi hatukuuliza.

Basi nikalala, na nikajikuta getini, mchana wa jua, kwenye mizani inayopimia mizigo kabla ya safari. Aliyesimama kwenye mizani alikuwa Mzee Anaeli. Alivaa ile suti ya kijivu tuliyomzika nayo, na udongo wa kihamba ulikuwa umekaa kwenye mikunjo ya viwiko. Nikamwambia shikamoo Mzee. Hakuitikia. Alinielekeza kwa kidevu tu nitazame foleni.

Foleni ni ndefu na wote nawajua. Ni wageni na wapagazi niliopanda nao miaka yote, na Mzee anawaambia wafungue mabegi watoe kile wasichokionyesha watu. Naapa vitu hivi sikuviota, nilishavikuta kazini kwa macho yangu mawili. Kuna bwana mmoja mnene anayefungua kitambaa na kutoa meno ya bandia ya baba yake marehemu, ambayo huyaweka kando ya mto kila anapolala hemani. Kuna mama mwenye kichupa, ndani yake kitovu kilichokauka cha mwanawe wa kwanza, na mwana mwenyewe sasa ana ndevu. Mpagazi mmoja anatoa kijiko ambacho hakijaoshwa tangu safari yake ya kwanza, eti akikiosha bahati itaondoka. Kimefanya ukoko wa kijani. Mwingine ana foronya ya usiku wa harusi yake, na rangi ya ile foronya sitaitaja hapa.

Mzee anapokea kila kimoja kwa mikono miwili, anakiweka kwenye mizani, anakirudisha kwa heshima. Mimi nimesimama pembeni nimeziba pua kwa leso. Meno yale yananiangalia. Nataka kuondoka, miguu haitaki.

Kisha zamu ikawa yangu.

Nikafungua begi nikijiamini, nikijua mna sabuni. Sabuni haimo. Mzee anaingiza mkono ndani, mpaka kiwiko, mpaka bega, anapapasa chini sana kuliko begi lenyewe lilivyo, nami naanza kusikia harufu ya choo cha kambi ikipanda. Naijua. Nimeilinda pua yangu dhidi ya harufu ile maisha yangu yote ya kazi. Mkono unatoka na kikopo cha dawa ya viatu, kinachuruzika. Mzee anakifuta kwa leso yangu yenye manukato, polepole, pande zote, halafu ananirudishia leso. Nikaipokea. Sikuweza kuikataa kwa sababu ni yeye aliyeitoa, na nilitamani ardhi inimeze.

"Hiki ulikitupa," akasema.

 Jua likapungua, na geti halikuwapo tena. Tumekaa jikoni kwa mama yangu, chini, kwenye moshi, tumezunguka mafiga matatu. Wapagazi wangu wote wamo, na wageni wa safari hii wamo, wamekunja miguu yao mirefu kwa shida. Hakuna anayeshangaa. Mzee amefungua kikopo na anakipitisha.

Mgeni wa kwanza ananusa, anarudi nyuma, machozi yanamtoka. Mzee anacheka kile kicheko chake cha puani. Wa pili anasonya. Wapagazi wanatukana kwa Kichaga na kufunika nyuso kwa kofia. Kikopo kinanifikia mimi. Kimekuwa kibaya zaidi kuliko nilivyokikumbuka, maana sasa kina pia yale ya shimo la choo. Mafuta yamefanya ngozi ya manjano, na chini ya ngozi kuna kitu kinachotembea.  Nikageuka nikatapika kwenye majivu ya mama yangu, na ninapotapika nausikia mkono wa Mzee mgongoni, ule mkono mzito, pu, pu.

"Wewe mzima," ananiambia.

Amebaki mtu mmoja. Dada Aika amekaa ng'ambo ya moto, ametupa mgongo, anakoroga chungu. Mzee anazunguka na kumpa kikopo. Anakipokea vizuri, kwa adabu, kama mtu aliyepewa chumvi na jirani. Anakisogeza puani. Nangoja akunje uso. Wote tunangoja. Dada Aika anatia kidole, anachota yale mafuta ya manjano na kile kinachotembea, anakilamba.

"Hayana ladha," anasema, na anayamimina yote kwenye chungu.

Nilichukizwa kiasi ambacho sijawahi kuchukizwa nikiwa macho. Nilitaka kumpokonya chungu, nimfokee tena kama nilivyomfokea jioni. Nikamgeukia Mzee ili aone mwenyewe ninavyoteseka na mtu huyu. Mzee hakuwa anacheka. Uso wake ulikuwa ule wa siku za kushusha watu.

Nikamwambia huyo si mgeni, huyo ni mpishi wetu, ameshapanda mara nyingi kuliko hata mimi, mlima unamjua. Nilisema mengi. Aliniacha nimalize.

"Mlima haujui nani mgeni," akasema. "Asiyekunja pua, mshushe."

Kisha akainuka, akapangusa udongo kwenye suruali, akatoka kwa mlango wa nyuma unaoelekea migombani. Mlangoni akageuka nusu, kama mtu aliyekumbuka alichokisahau.

"Marahaba," akasema.

Nikaamka na neno hilo sikioni. Hema lilikuwa giza na baridi, mdomo wangu ukiwa bado na ladha ya supu. Nililala nikitazama juu. Niseme ukweli, sikuinuka mara moja. Nilijua kabisa nilichoambiwa, lakini nilijua pia kwamba nikienda kwa Dada Aika nitalazimika kuomba radhi kwa maneno ya jioni, na kwamba kama ni mzima atanicheka mpaka tufike nyumbani. Nikajigeuza ubavu. Ndipo nikamsikia tena kichwani akisema, kama jioni, hasikii harufu yoyote. Alikuwa ameniambia mwenyewe, ameinama juu ya sufuria inayonuka mafuta ya taa kambi nzima. Mpishi. Mtu ambaye huitambua nyama iliyoanza kuharibika toka nje ya hema.

Nilikwenda bila viatu.

Dada Aika alikuwa macho, amekaa mbele ya jiko na koti lake amelivaa ndani nje. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anangoja maji ya chai ya wageni, yanakaribia kuchemka. Jiko lilikuwa halijawashwa. Nikaligusa birika, lilikuwa la baridi kama jiwe, na kwa harufu yake nilijua limejazwa kutoka kwenye dumu la mafuta ya taa. Alipumua kwa mkoromo mdogo, kama maji yanayopita kwenye bomba bovu.

Kipimo cha kidole kilikuwa mfukoni mwangu, lakini sikukumbuka kukitoa. Nikavua soksi. Nilikuwa nimeivaa siku tano, na kwa mtu kama mimi hiyo ni siri ambayo sikukusudia mtu aijue. Nikamshikia puani, karibu kabisa. Mimi mwenyewe nilikuwa nageuza uso pembeni.

Akaitazama soksi, kisha akanitazama mimi kwa upole mwingi.

"Imetoboka? Nikushonee?"

Sijui nililiaje bila kutoa sauti. Nikamfunga kipimo kidoleni, na namba niliyoiona nilikuwa nimeshaiona mara moja tu, kwa mgeni aliyerudi chini akiwa amefunikwa uso. Nikamwamsha msaidizi wangu, nikamwambia awapandishe wageni akishampima kila mtu kambini, na akasisitiza kuuliza, kila mtu? Nikamwambia kila mtu, hadi anayebeba choo cha wageni. Nikamfunga Dada Aika mgongoni kwa kanga yake mwenyewe, kama mtoto, na mpagazi mmoja mwenye nguvu akatangulia na taa.

Tulishuka. Tulipokezana kumbeba, yule mpagazi kidogo, mimi kidogo. Changarawe ile inateleza hata usipobeba mtu. Katikati ya mteremko Dada Aika alitapika shingoni kwangu, matapishi yakaingia kwenye kola, yakashuka mgongoni yakiwa ya moto, na hakukuwa na maji ya kunawa wala mkono wa kunawia. Halafu akatapika tena. Mimi niliyehama meza kwa ajili ya kijiti cha meno nikawa natembea na hayo yote yakikauka mwilini, nikijiziba mdomo kwa ulimi ili nisije nikatapika na mimi tukaanguka wote. Nilikuwa namsemesha ili asilale. Nilimwomba radhi ya supu.  Nilimwomba tena, sasa kwa sauti, mpaka yule wa taa akageuka kututazama.

Kulipopambazuka tulikuwa tumefika chini ya mawingu, kwenye miti midogo ya kwanza, kambi ambayo ina machela ya gurudumu. Nikamshusha nikamwegemeza kwenye jiwe. Mkoromo ulikuwa umepungua. Nikapiga magoti mbele yake kumfungua kanga, na uso wangu ukawa karibu na wake. Macho yake yalikuwa yamefumbwa. Nikaona pua yake inatikisika. Kisha uso wote ukajikunja, polepole, kuanzia kwenye nyusi hadi kidevuni, akanisukuma kifuani kwa mkono usio na nguvu.

"Sabuni," akasema. "Unanuka."

Nikamwomba arudie. Akarudia.