Neno Ambalo Sikuuzii

Neno lile lilinigharimu jirani mmoja, Mama Spesioza, na gauni lake la bluu bado liko kwangu. Nimehesabu mara mbili, hesabu haibadiliki.

Mwanangu, umekuja dukani kwangu Nyamirambo na simu ya kurekodi. Unataka nitaje jina la mtaani ambalo magazeti yetu yaliwaita Watutsi wakati wa vita, ulitie kwenye kichwa cha habari. Nilipokataa, ukashuka: nusu ya neno. Ukashuka tena: herufi ya kwanza. Unajua kupatana, nakusifu. Lakini nimeuza vitambaa maisha yangu yote, na hiki hakipimwi kwa mita. Nitakupa siku yenyewe.

Naikumbuka kwa pini zake. Nilikuwa kijana, najifunza ushonaji kwa Mzee Ramadhani, hapahapa barazani. Kwa kuwa nilikuwa na shule kidogo, kila asubuhi niliwasomea mafundi gazeti huku wakikanyaga cherehani. Neno lile gazeti lililiokota mtaani, nami nikalirudisha mtaani likiwa limevaa suti. Lilichekesha. Hata uzi ukikatika niliuita hivyo. Wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi dole langu lilikuwa zima.

Asubuhi ile Mama Spesioza, Mtutsi, jirani wa mlango wa pili, alikuwa akijaribishwa gauni la harusi ya binti yake, pini zimemzunguka kiunoni. Nikasoma neno bila kuinua macho. Mafundi wakacheka, kisha wakainamia cherehani zao. Akaingia nyuma ya pazia, akabadilisha, akaliweka gauni mezani taratibu, akatuaga mmoja mmoja, akaondoka.

Mzee akasimamisha cherehani yake.

"Soma tena. Kila penye neno hilo, weka jina lake."

Nikaanza. Spesioza amejipenyeza kati yetu. Spesioza aondolewe. Sentensi ya tatu haikutoka.

"Mimi nasoma tu kilichoandikwa, Mzee."

"Cherehani haijui inashona gauni au sanda," akasema. "Wewe unajua."

Nikajiambia nitamwomba radhi Jumamosi, akija kuchukua gauni. Jumamosi hakuja, wala iliyofuata. Kisha yakaja mauaji, naye akauawa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Basi waambie wakubwa wako kwamba mzee wa Nyamirambo amekataa, na kesho atakataa tena. Neno lile lilishakula vya kutosha, halitapata hata kiti kwangu. Na ninyi mna maneno yenu mapya. Nayaona kwenye simu, mnavyowaita watu msiowapenda, na vijikatuni vya kucheka pembeni. Kabla hujaandika neno la namna hiyo, liondoe, uweke jina la mtu anayekuazima chumvi. Likikukwama kooni, lifute. Bosi akikuuliza, mwambie umefundishwa na fundi cherehani.

Mungu akupe kalamu yenye haya, mwanangu, na majirani wa kukusikia ukisoma.

Sasa nami nina shida yangu. Binti wa Mama Spesioza yu hai, anauza samani kule kilimani Gisozi. Mara mbili nimepanda na gauni hadi mlangoni pake, mara mbili nimeshuka nalo. Pini bado zimo. Wewe ndiye mtu wa maneno, nishauri: akifungua mlango, nianze na lipi?